Gitaa la Besi na Ubao wa Mvule

Shingo ya gitaa langu ilipona. Bodi ilipasuka vipande vitatu na sumaku zikatapakaa kwenye majani kando ya barabara ya Pangani, lakini shingo ilipona, na mimi nikapona. Mdogo wangu hakupona.

Mimi si mtu wa kalamu. Niliishia darasa la nne, nikaingia kwenye ufundi wa redio na spika, na huko ndiko nilikokulia. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Waliohusika nitawataja kwa kazi zao. Majina yao hapa mjini yanajulikana, hayana haja ya kuandikwa na mimi.

Wa kwanza ni mwenye bendi. Yeye ana duka la jumla, unga na mchele, na bendi ya taarabu alikuwa nayo kama watu wengine wanavyofuga njiwa. Kinanda chake, spika zake, ngoma zake. Cha mtu mwingine kilikuwa kimoja tu, gitaa langu la besi, nililolinunua kwa baharia mmoja bandarini nikiwa kijana. Siku za harusi tulipanda gari lake la kubebea unga. Siku ile ya kwenda Pangani dereva alimwambia mbele yetu sote, "Tajiri, gari hili breki si nzima." Naye akajibu huku anajipepea kwa kipande cha boksi, "Kwani mnakwenda Arusha? Pangani hapo hapo. Nendeni polepole."

Wa pili ni fundi gari aliyeufunga mrija wa breki kwa kipande cha mpira, akajifuta mikono, akasema utashika mpaka turudi. Ulishika wakati wa kwenda.

Wa tatu ni mimi.

Tulipiga vizuri kule Pangani, tukalala kwa mwenye harusi, asubuhi tukapakia vyombo. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mpiga dumbaki wetu. Mikono ilikuwa imemvimba, akatangulia kukaa kiti cha mbele karibu na dereva. Nikamwendea na gitaa langu mkononi. Nikamwambia, "Shuka bwana, nikae mimi. Huko nyuma maspika yatalipinda shingo hili gitaa." Hakubishana. Alishuka, akaligonga gitaa tumboni kwa vidole kama anavyogonga dumbaki, akasema, "Haya, mke mwenza wa shemeji akae mbele. Sisi wengine ni mizigo tu." Wenzetu wakacheka. Na mimi nikacheka. Akapanda nyuma, akaegemea spika kubwa.

Gari lilipofika kwenye mteremko halikusimama, na hilo ndilo la kusema. Spika kubwa ilimwangukia. Mimi mbele nilivunjika mbavu na mkono wa kushoto, vidole viwili vikasagika. Dereva simlaumu, alisema mapema na akapuuzwa.

Kwetu maiti halali ndani. Alizikwa siku ile ile baada ya alasiri, na mimi wakati huo nimelala hospitali, mkono umefungwa kwenye chuma. Niliyoyajua ya maziko niliyasikia kwa walionijia kunitazama. Walinihadithia kwamba wanaume walijaa barabara nzima, kila mmoja anatia bega chini ya jeneza hatua kumi, kumi na tano, anampisha mwenzake, maana hakuna anayetaka kukosa thawabu zake. Mmoja akaniambia kwa nia ya kunifariji, "Hata tajiri wenu alitia bega, tena kwa muda mrefu." Nikageuza uso ukutani. Tajiri alitia bega, fundi gari alitia bega. Mimi niliyelala naye tumbo moja sikutia.

Nilipotoka hospitali mke wangu alinikabidhi shingo ya gitaa, ameifunga kwenye khanga. Alidhani nitafurahi. Niliitupa juu ya kabati.

Mjane wa mdogo wangu alikaa eda yake akaimaliza. Mimi nikarudi kwenye redio zangu, kidole cha pete na kile kidogo havikunji sawasawa, nashika bisibisi kwa kuing'ang'ania. Siku moja shemeji alikuja na binti yake. Binti ameposwa, posa imekubaliwa, harusi itakuwa baada ya mfungo. Akapiga magoti, akanipa shikamoo, akakaa mkekani, akaanza kuchambua uzi wa mkeka kwa kucha.

"Sema shida yako," nikamwambia.

"Baba mkubwa, baba aliniahidi siku yangu atanipigia yeye mwenyewe."

"Najua. Alimwahidi kila mtu."

"Sasa nataka upige wewe. Usipopiga wewe, sitaki muziki. Waje wasome kasida tu, waondoke."

Mama yake akamtazama kwa jicho la kumkanya. Niliwaonyesha mkono wangu. Binti akavitazama vidole kimoja kimoja kama anayechagua bamia sokoni, akasema, "Vitatu vipo."

Habari haikai mtaani kwetu Usagara. Baada ya siku chache mwenye bendi akanitumia mtu. Salamu nyingi, na kwamba bendi ataitoa bure kwa ajili ya binti wa marehemu, na kwamba ameagiza besi mpya kutoka Dar es Salaam, iko dukani, niende nikaichukue niizoee. Nilimwambia yule mjumbe, "Mwambie bendi ni zawadi ya binti, sina la kusema. Lakini gitaa lake sitalishika. Heri nipige debe."

Mke wangu alikuwa anachuja tui. Alingoja mjumbe aondoke. "Sasa utapiga nini, baba? Debe kweli? Maana nataka nijue mapema niliwekee mafuta ama nisiliwekee."

Ndipo nikapanda juu ya kiti nikaishusha shingo kutoka kabatini.

Ilikuwa na ufa pale kichwani, panapokaa vile vikazio vya nyuzi. Nikautia gundi ya mbao, nikaikaza kwa mipira ya tyubu ya baiskeli, nikaiacha uvunguni mwa kitanda siku nne. Gundi ukiiharakisha inakudanganya. Vikazio vilikuwa vimebaki vitatu. Cha nne nilikipata Ngamiani, kwa mwenye hoteli ya chai aliyetundika gitaa bovu ukutani liwe pambo. Nilimtengenezea redio yake, akaniruhusu ning'oe kimoja. "Ng'oa kile cha nyuma," akasema, "wateja wasione."

Sumaku za kunasa sauti nilizitengeneza mwenyewe, hapo ndipo penye ufundi wangu. Nilivunja spika mbili zilizokufa nikachukua sumaku, nikafungua transfoma ya redio ya zamani nikapata waya wa shaba mwembamba kama unywele. Waya huo unauzungusha kwenye kipande cha plastiki mara elfu kadhaa, na ukikatika umeanza upya. Ulinikatikia mara mbili. Kwa vidole vizima ningemaliza kwa siku moja. Mimi ilinichukua wiki. Kidaraja cha kukalia nyuzi nilikitengeneza kwa bawaba ya mlango, nikaitia mikato minne kwa msumeno wa chuma.

Nyuzi zilikuwa zile zile za zamani, zimekufa sauti. Nyuzi za besi zikifa huwa tunazichemsha, uchafu na jasho vinatoka, zinarudi kulia. Nilizitia kwenye sufuria, nikakaa jikoni nazichungulia. Jirani akapita dirishani akauliza leo tunapika nini. Mke wangu akamjibu, "Supu ya gitaa. Lete sahani, lakini nyama ya kujitafutia."

Nilicheka siku ile. Nakumbuka kwa sababu nilishtuka kujisikia.

Kilichobaki ni bodi, na hapa anaingia mtu wa nne, seremala. Karakana yake ilikuwa mtaa wa pili, anatengeneza vitanda na milango, na redio yake ilikuwa haikauki kwangu. Nilimwambia nataka ubao mmoja mzito, mkavu, usio na fundo, usiopungua vidole vitatu unene. Bodi ya besi ikiwa mbao mbichi sauti inazama kama umepiga godoro. Akaingia ndani akatoka na ubao wa mvule, ameshaupiga randa upande mmoja.

"Huu umekauka kabla hujazaliwa," akasema.

"Umeutoa wapi?"

"Mlango wa nyumba ya Waarabu, Pangani. Wameibomoa. Mbao zenyewe enzi hizo zilishuka kutoka milima ya Amani."

"Mlango wenye tundu hili?" Palikuwa na kiraka cha mti mwingine, umbo la lozi, kimezibwa vizuri sana karibu na ncha.

"Hapo palikuwa na kitasa, wakaziba. Bwana, unataka mbao ama unataka historia?"

Nikamtengenezea redio, akanipa ubao. Mkono wangu wa kushoto haukuweza kuukumbatia, nikautia begani. Nikatoka nao karakana mpaka nyumbani, mwendo wa mitaa miwili, nasimama kupumzika, natia tena bega. Watu wananiuliza, mzee unajenga? Nawajibu, najenga besi. Mtu mmoja alitaka kunipokea, nikamkatalia. Nilitaka niufikishe mwenyewe.

Niliukata umbo kwa msumeno wa mkono, nikauchimba pa kuketi sumaku, nikaupiga msasa siku nyingi. Kiraka kile cha lozi nilikiacha, kilikaa pazuri, chini kidogo ya nyuzi. Ndani ya tundu moja la msumari niliona rangi ya kijani imebaki, nikaikwangua, nikasema milango ya Waarabu ilipakwa rangi hii. Kumbe mtu akishataka kitu chake kikamilike, macho yanamtii.

Kidaraja hakiwekwi kwa kukisia. Unachukua uzi wa cherehani, unaupima kutoka juu ya shingo mpaka kile kichuma cha kumi na mbili, unaurudia urefu huo huo tena kushuka, pale unapoishia ndipo kinapokaa. Nilipokosea kwa upana wa njiti ya kiberiti, noti zote za chini zikawa zinanung'unika. Nikakitoa, nikatoboa upya. Kisha nikaliunganisha kwenye spika ya mezani, nikavuta uzi mnene.

Sijui nielezeje. Gitaa langu la zamani lilikuwa linalia pembeni, kama mtu anayesema akiwa chumba cha pili. Hili lililia kifuani mwangu, kwa sababu ubao ulikuwa mzito na nililiegemeza kwenye mbavu zile zile zilizovunjika. Mke wangu alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakufanya mzaha.

Nikaanza kujifunza upya kwa vidole viwili na gumba. Nyimbo za harusi za kwetu besi yake si ngumu, ila haitaki kusita. Ukisita, dumbaki linakwenda peke yake kama mtu aliyeachwa sokoni. Nilijizoeza kila alasiri. Binti alikuwa anakuja na kazi yake ya kushona, anakaa, anasikiliza, halafu anasema, "Baba mkubwa, ile sehemu baba alikuwa anaingia kwa nguvu, umepita haraka." Nairudia. Siku nyingine anaondoka bila kuaga, namsikia nje anapenga kamasi.

Zilibaki siku tano harusi ifike. Mzee muadhini wa msikiti wetu alikuja na kipaza sauti cha adhana, kilikuwa kinakoroma. Ni mzee sana, nilimpa shikamoo akiwa bado yuko barazani. Akaketi kwenye kigoda akangoja nimalize. Gitaa lilikuwa mezani limelala chali. Mzee anapenda kugusa vitu, akanyoosha mkono, akalipapasa. Mkono ukafika kwenye kile kiraka, ukasimama hapo.

"Ubao huu umeupata wapi, mwanangu?"

Nikamwambia habari ya mlango wa Pangani.

Akaliinua gitaa ukingo, akaingiza ukucha wa kidole chake kidogo kwenye tundu la msumari. "Fundo lilidondoka," akasema. "Nikalisafisha tundu lake vizuri, nikachonga kipande cha mkorosho, nikakitia mimi mwenyewe. Miaka hiyo nilikuwa na macho."

"Kwenye mlango?"

"Mlango gani, mwanangu. Hili ni jeneza letu la msikiti, tulilobebea maiti wote."

Nilidhani ameanza kupotewa. Akanieleza polepole. Mfadhili mmoja aliwaletea jeneza jipya la chuma, jepesi. Lile la mvule, lililokuwepo tangu babu zake, lilikuwa wakfu, haliuzwi wala halichomwi. Kamati ikampa seremala alivunje, mbao zake zote zirudi msikitini, afanye rafu ya viatu mlangoni. Rafu aliifanya. Mzee aliona ni fupi, akauliza, seremala akasema mbao nyingine zimeliwa na mchwa.

"Lini hiyo?" nikauliza. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu.

Akanitazama. Alikuwa ameshajua nauliza nini. "Baada ya mdogo wako. Yeye alikuwa miongoni mwa wa mwisho kulilalia."

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, nikakiweka chini. Mzee akasema, "Mimi nimeona, na sitamwambia mtu. Hukujua, na asiyejua hana lawama. Sasa umejua. La kufanya unalo wewe." Akainuka, akasahau kipaza sauti chake.

Nilikwenda kwa seremala. Sikumpiga, ingawa wapo waliosema nilimpiga. Alikuwa anachonga mguu wa kitanda, hata randa hakuiweka chini.

"Ungejua, ungeuchukua?" akaniambia.

"Nisingeuchukua."

"Basi. Ulikuwa unataka mbao kavu, nikakupa mbao kavu. Sauti si imetoka? Mtaa mzima tunaisikia."

Nina maneno ya kumwambia sasa, usiku na mchana ninayo, lakini siku ile sikuwa nayo. Nilirudi nyumbani.

Siku mbili nilikaa na gitaa lile nikabishana na nafsi yangu. Nilisema, nani atajua? Muadhini amesema hatasema, seremala hawezi kusema. Harusi itapita, kisha nitarudisha. Nikasema hata marehemu mwenyewe angecheka, angesema mimi ndiye mpiga dumbaki wa kwanza kupanda jukwaani baada ya kuzikwa. Nilimsikia kabisa akisema. Nikalishika nipige, mkono ukakataa. Nilikuwa naliegemeza kifuani, na nilichokuwa nafikiria ni mgongo wake.

Mwishowe nilimwita shemeji. Nilimwambia yote, sikumficha. Hakulia. Aliweka kiganja juu ya ubao, akakiacha hapo, kama unavyomgusa mtoto kujua kama ana homa.

"Shemeji," akasema, "siku ile mimi nilikuwa ndani na wanawake. Nililiona likitoka mlangoni tu. Sikuligusa." "Sasa watu wacheze kwa hiki?"

"Ndilo ninalokuuliza."

"Mwanangu amepakwa hina, anazunguka, anacheza kwa hiki?"

Sikuwa na haja ya kuuliza tena.

Nilikilegeza kikazio kimoja kimoja. Nikatoa nyuzi, nikatoa bawaba, nikafungua sumaku zangu, waya ukakatika, nikaacha ukatike. Shingo nikaifungua skrubu nne. Ukabaki ubao, umekatwa kiuno na kuchimbwa tumbo, haufai tena kuwa mlango wala jeneza wala chochote. Mke wangu alitaka kuufunga khanga. Nikamwambia hapana, uende wazi.

Mzee muadhini nilikuwa nimempelekea habari. Alikuja mwenyewe baada ya swala ya adhuhuri, kwa fimbo yake. Niliutia begani. Hakuna aliyetuangalia, nani atamwangalia fundi redio na kipande cha mbao? Tulitembea. Nilipofika kwenye ile karakana ya seremala niliipita bila kugeuza shingo. Hatua chache mbele mzee akanigusa kiwiko.

"Nipishe."

"Mzee, ni mzito."

"Najua uzito wake. Nipishe, kisha nitakupisha."

Akatia bega lake, mzee wa umri ule. Alihesabu hatua kwa midomo, sijui alikuwa anahesabu ama anasoma. Kisha akasimama, nikampokea. Tulipokezana hivyo mpaka msikitini, yeye hatua zake chache, mimi zangu nyingi. Sikulia barabarani. Nilikuwa nafanya kazi.

Kamati walikosa pa kuuweka, maana kwa umbo lile haukuingia kwenye rafu. Wakaulaza penye mabomba ya kutawadhia, watu wakanyage wasitie miguu tope. Ni manufaa ya msikiti, haina ubaya. Wote wanaukanyaga. Mimi nikifika hapo nauruka, na wasiojua wanadhani nina goti bovu.

Harusi ikafika, alasiri, uani kwa shemeji. Bendi ya tajiri ilikuja na vyombo vyake. Besi mpya ilikuwa imesimamishwa kwenye chuma chake, inang'aa, nyekundu. Hakuna aliyeishika. Mimi nilikaa na wanaume wenzangu kwenye viti vya plastiki. Mpiga kinanda, kijana mstaarabu, alinijia akaninong'oneza, "Usijali, mzee, siku hizi besi tunaipiga kwenye kinanda kwa mkono wa kushoto. Watu hawajui tofauti." Na kweli. Walipiga nyimbo mbili, uwanja ukajaa vigelegele, hakuna aliyejua kuna kitu hakipo.

Kabla ya wimbo wa tatu shemeji alikuja mpaka nilipokaa. "Bibi harusi anauliza mbona hujainuka."

"Mwambie sina gitaa."

"Nimemwambia. Anasema anaona moja pale limesimama."

Nilitazama jukwaa alilokalia. Alikuwa ameinamisha kichwa kama desturi, mkono wenye hina juu ya goti, na kidole kimoja kinagonga goti polepole. Baba yake alikuwa anagonga hivyo hivyo kabla hajaanza.

Nikainuka. Nilipita mbele ya tajiri, amekaa kiti cha mbele, kofia mpya. Nililishika gitaa lake. Nilivuta uzi mmoja nipate kujua. Lilikuwa gitaa zuri. Jepesi, shingo nyembamba, hata kwa vidole vyangu vibovu lilitii. Nilitamani liwe baya, wallahi. Nikaingia, na ile sehemu binti aliyosema naipita haraka, nikaingia kwa nguvu.

Na sasa desturi ya kwetu, mpigaji akipendeza watu wanamjia wanamtunza, wanampachika noti huku wanacheza. Walikuja shangazi zake, wakaja majirani. Kisha nikamwona tajiri anainuka. Anakuja kwa mikogo, mkono juu, noti imekunjwa kwa urefu, watu wanampigia vigelegele kwa ukarimu wake. Mpigaji anayetunzwa haachi kupiga. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye gitaa lake. Kama ningeuondoa mmoja tu nimsukume, wimbo ungeanguka miguuni kwa mtoto wa mdogo wangu, siku yake. Aliinama karibu kabisa, nikasikia uturi wake, akaitia noti kwenye mfuko wa shati langu, akaupigapiga mfuko mara mbili. Akasema, "Mungu amrehemu."

Nikaendelea kupiga. Binti alikuwa ameinua uso.

Wimbo ulipokwisha nililirudisha gitaa kwenye chuma chake. Mtu alinikimbilia nje kuniambia tajiri amesema nilichukue, ni langu sasa. Sikugeuka.

Ile noti niliisahau. Mke wangu aliikuta siku ya kufua, imelowa, imegandamana ndani ya mfuko. Aliianika kwenye kamba kwa kibanio, kati ya mashati, akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia sijui.